Chirwa si dhambi ya wazazi
Malindi na vijiji vyake, mtoto akikonda au akivimba miguu husemwa ana chirwa, ati baba au mama ametoka nje ya ndoa. Si kweli, na maneno hayo yanaumiza: mama huona haya, akamficha mwanawe. Huo ni utapiamlo mkali, una tiba. Mhudumu wa afya wa kijiji huzungusha utepe katikati ya mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni hatari. Kisha hubonyeza miguu yote kwa gumba. Kishimo kikibaki, huo si unene. Tangu 2023 Shirika la Afya Duniani linakubali wahudumu waliofunzwa watibu wenyewe, kwa lishe maalumu ya njugu. Asiyekula kabisa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.