Uwanja wa nje katika besiboli ya zamani: vilima, nguzo na minara ndani ya mchezo

Katika besiboli, sehemu ya uwanja inayopimwa kwa ukali ni ile ya ndani tu. Kutoka kituo kimoja hadi kingine, kati ya vinne ambavyo mpigaji huvizunguka mbio, ni futi 90, yaani mita 27 na ushee, na mrushaji anasimama futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, kipimo ambacho hakijaguswa tangu 1893. Nyuma ya hapo ndipo unapoanza uwanja wa nje, eneo pana la nyasi ambako wadakaji watatu wanasubiri mipira mirefu. Eneo hilo kwa miaka mingi halikupangiwa umbo. Liliishia pale kiwanja cha mwenye timu kilipoishia, na ukuta wa mwisho ulijengwa hapohapo. Kwa mtu aliyekulia kwenye kandanda ni jambo la kushangaza, sawa na kuiachia kila klabu ijipangie upana wa goli lake.

Umbali wa ukuta si jambo dogo. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta kabla ya kugusa chini, mpigaji anazunguka vituo vyote vinne bila bughudha na kupata pointi. Pigo hilo huitwa homurani. Ukuta ukiwa karibu, homurani zinanyesha. Chicago ilionyesha hilo mapema. Mwaka 1883 mpira uliovuka uzio wa Lake Front Park, uliokuwa chini ya futi 200 upande wa kushoto na wa kulia, ulihesabiwa kuwa wa vituo viwili tu. Mwaka uliofuata kanuni ikageuzwa, na Ned Williamson akapiga homurani 27, kati yake 25 zikiwa nyumbani. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1919, Babe Ruth, mpigaji mashuhuri kuliko wote, alipofikisha 29. Williamson alikuwa mchezaji hodari, lakini rekodi ile naihesabu nusu yake kuwa ya uzio.

Umbali ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni vitu vilivyokuwamo. Viwanja hivi vilibanwa katikati ya miji, kati ya barabara, reli na nyumba za watu, na kilichokuwapo kwenye ardhi mara nyingi kiliachwa, kikawa ndani ya mchezo. Hilo ndilo la kushika: mpira ukigonga kitu hicho hausimamishwi. Bado uko hai, wakimbiaji wanaendelea kukimbia, na mdakaji aufuate kokote ulikoenda. Katika Huntington Avenue Grounds mjini Boston, kulikofanyika mechi ya kwanza ya World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli ya Marekani, mwaka 1903, kibanda cha vifaa kilikuwa ndani kabisa ya uwanja wa nje. Detroit kulikuwa na nguzo ya bendera yenye urefu wa futi 125, imesimama kwenye nyasi mbele ya ukuta wa kati. Philadelphia, katika Baker Bowl, reli ilipita chini ya uwanja, na handaki lake likaacha mwinuko juu, mdakaji wa kati akacheza juu yake. Na mjini Washington, katika Griffith Stadium, wenye nyumba tano walikataa kuuza. Ukuta ukalazimika kukunja kona kuingia ndani, kuzizunguka nyumba zao na mti mkubwa uliokuwa hapo. Kila mpira uliogonga kona ile ulitoka na njia yake.

Mwinuko uliosifika kuliko yote ulikuwa Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa 1912. Barabara ya Lansdowne, nyuma ya upande wa kushoto, ilikuwa juu kuliko uwanja, hivyo udongo ukalundikwa chini ya ukuta ukawa mteremko wa futi kama 10. Siku za watu wengi, mashabiki walikaa juu yake. Siku nyingine, mdakaji wa kushoto alitakiwa kuupanda mbio huku macho yakiwa juu kwenye mpira. Duffy Lewis alijifunza kazi hiyo kwa kupigiwa mipira asubuhi baada ya asubuhi mpaka miguu ikazoea, na mteremko ukapewa jina lake: Duffy's Cliff. Wageni walianguka. Mwaka 1934 ukasawazishwa, kwa sehemu kubwa, na mahali pake ukasimama ukuta wa futi 37 ambao leo unaitwa Green Monster.

Cincinnati nako kulikuwa na mteremko, mpole zaidi. Katika Crosley Field ardhi ilianza kupanda hatua kadhaa kabla ya ukuta wa kushoto, nao ulimfaa mwenyeji: akikimbia kinyumenyume, akihisi mguu unapanda, alijua ukuta uko karibu bila kuutazama. Asiyeuzoea ulimwangusha. Mei 1935 Babe Ruth, akiwa na miaka 40 na siku chache kabla ya kustaafu, alijikwaa hapo.

Uwanja unaoeleza dhana hii kuliko mwingine wowote ni Polo Grounds wa New York. Ulikuwa mrefu na mwembamba: futi 258 tu kwenye mstari wa kulia, 279 kushoto, lakini katikati takriban futi 480, na huko mwisho kabisa mnara wa kumbukumbu wa Eddie Grant, mchezaji aliyeuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mnara nao ulikuwa ndani ya mchezo. Tarehe 29 Septemba 1954, World Series ikianza, matokeo yakiwa 2-2, Vic Wertz wa Cleveland aliupiga mpira zaidi ya futi 400 kuelekea katikati. Willie Mays, mdakaji wa kati wa New York, akaugeuzia mgongo, akakimbia, akaudaka begani akiwa bado anatazama ukuta. Pigo likawa bure, na mpigaji akatolewa. Mechi hiyohiyo, raundi ya 10, Dusty Rhodes aliupiga mpira wa futi 260 hivi kulia, ukavuka kwa tabu, pointi tatu kwa kuwa wenzake wawili walikuwa vituoni, New York wakashinda 5-2. Pigo refu lilikufa, fupi likashinda. Wapo wanaoliita hilo dhuluma. Mimi siliiti hivyo, maana timu zote mbili zilipiga kuelekea kuta zilezile.

Palipokuwa na utata, waamuzi walitumia kanuni za uwanja husika, zinazokubaliwa kabla ya mechi. Watu walipofurika hadi kuzungushiwa kamba ndani ya uwanja wa nje, kama mwaka 1903, ilipangwa kwamba mpira ukiingia kwenye umati, mpigaji apewe vituo vitatu. Wrigley Field ya Chicago ina kanuni ya aina hiyo hadi leo: mpira ukinasa kwenye majani yanayotambaa ukutani, yaliyopandwa 1937, mdakaji huinua mikono na mpigaji hupewa vituo viwili. Akiingiza mkono kuutafuta, mpira unahesabiwa uko hai.

Mwaka 1958 ligi ziliweka kiwango kwa viwanja vipya: angalau futi 325 pembeni na 400 katikati. Viwanja vilivyofuata vikajengwa mbali na mitaa iliyobanana, na vitu vile vikapungua. Houston walijaribu kuvirudisha mwaka 2000 kwa kilima na nguzo ya bendera katikati, wakiiga Cincinnati na Detroit. Lakini kilima kile hakikuwa na barabara nyuma yake wala reli chini yake. Kiliwekwa kwa hiari, na baada ya msimu wa 2016 kikaondolewa kwa hiari.