Senta kwa senta: maana yake kwenye fremu ya nyumba

Ukipita kwenye mjengo wowote Nakuru, hutakosa kumsikia fundi akimwambia mtu wa mkono, "Hiyo ni futi mbili, senta kwa senta." Mwenye nyumba hutikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Mara nyingi hajaelewa, na nimeona hata mafundi wanaolitumia neno hilo kila siku huku wakipima kitu kingine kabisa.

Kwenye fremu, yaani kiunzi cha mbao cha ukuta, senta kwa senta ni umbali kutoka katikati ya unene wa nguzo moja hadi katikati ya unene wa nguzo inayofuata. Si ule uwazi ulio baina yao. Nguzo za mbao ya 4 kwa 2 zikisimamishwa inchi 24 senta kwa senta, uwazi unaobaki ni inchi 22, kwa sababu kila nguzo inachangia inchi moja ya unene wake kwa kila upande. Anayepima inchi 24 za uwazi amejenga senta kwa senta ya inchi 26, hata kama kinywani anasema 24.

Kwa nini katikati? Kwa sababu ya kile kitakachopigiliwa juu ya fremu. Plaiwudi huuzwa futi 8 kwa 4, yaani inchi 96 kwa 48. Vipande viwili vikikutana, lazima vikutane juu ya nguzo, kila kimoja kikipata inchi moja ya kushika msumari. Gawanya 48 kwa 24 upate 2. Igawanye kwa 16 upate 3. Hata 96 inagawanyika kwa zote mbili bila baki. Sasa jaribu inchi 20: 48 haigawanyiki, na ukingo wa plaiwudi unabaki ukining'inia hewani. Ndiyo maana hesabu hizi mbili, 16 na 24, zimezoeleka hata Marekani, ambako ujenzi wa fremu nyepesi za mbao na misumari ulienea kuanzia Chicago miaka ya 1830.

Wazee wetu hawakuhitaji hesabu hii. Nyumba ya nguzo na fito, kama zile bado utaziona ukitoka Kakamega kwenda Bungoma, ilikandikwa udongo, na udongo huingia popote, uwazi uwe mpana au mwembamba. Plaiwudi na jipsam hazina huruma hiyo.

Makosa hasa hutokea kwenye kupiga alama. Fundi mwenye haraka hukata kipande cha mbao cha inchi 22, hukiweka kando ya nguzo ya kwanza, akasimamisha ya pili, akakihamisha, akasimamisha ya tatu. Inaonekana ni kazi safi. Lakini mbao zetu, zile saiprasi zinazoshuka kutoka Molo na Elburgon, nyingi huuzwa bila kupigwa randa, na unene wake haulingani. Tuseme kila nguzo imezidi kwa milimita 3 tu. Ukifika nguzo ya kumi na mbili umepotea kwa zaidi ya milimita 30, na ile sehemu ya kushika ukingo wa plaiwudi ilikuwa inchi moja tu, yaani milimita 25. Hapo ndipo unamwona fundi akianza kugongelea vipande vya mbao kando ya nguzo, na mwenye nyumba akitumwa kununua misumari mingine.

Dawa ni kuvuta tepu mara moja tu kutoka pembeni na kutoihamisha. Kosa la nguzo moja halihamii kwa nyingine. Ukitaka ukingo wa plaiwudi ya kwanza ulingane na pembe ya ukuta, katikati ya nguzo ya pili lazima iangukie inchi 24. Basi ukingo wake wa karibu uko inchi 23. Unapiga mstari kwenye 23, 47, 71, 95, ukiendelea hivyo kwa kuongeza 24. Kisha, na hili wengi hulisahau, weka alama ya X ng'ambo ya mstari, upande ambao nguzo itakaa. Mstari peke yake haumwambii mtu wa mkono kama nguzo inakaa kushoto au kulia, na akikosea upande, nguzo imehama inchi 2 nzima. Uwazi wa mwisho ukutani huenda ukawa mdogo kuliko mingine. Uache hivyo.

Kuharakisha kazi kuko hapohapo. Mbao ya kulala chini na ile ya juu zilaze pamoja, ncha zikiwa sawa, uzipige alama zote mbili kwa skwea (kile kifaa cha kupimia pembe mraba) wakati mmoja. Ni dakika chache, na nguzo zote zitasimama wima zenyewe fremu ikikazwa. Fundi anayepima ya chini leo na ya juu kesho anapima mara mbili na bado hapati sawa.

Mlango ndio unaovuruga wengi. Ukifika kwenye mlango, nguzo zake za pembeni huwekwa pale mlango unapotaka, lakini hesabu ya 24 haianzi upya baada yake. Inaendelea juu ya mlango kama vile mlango haupo, na vijiti vifupi vya juu ya linta, ile mbao inayolala juu ya mlango, vinakaa kwenye alama hizohizo, maana plaiwudi itapita huko pia.

Kuna mtego mwingine wa hapa kwetu: mchoro una milimita, mbao inauzwa kwa futi, na tepu ina vyote viwili. Watu husema futi 8 ni mita 2.4. Kwa kweli ni milimita 2,438. Bodi za mita 2.4 zikipangwa tano mfululizo kwenye fremu iliyopimwa kwa futi, tofauti inafika sentimita 19. Uliza duka linauza ipi kabla ya kupiga mstari wa kwanza, kisha ufuate upande mmoja wa tepu mpaka mwisho. Na usigonge ule ulimi wa tepu, kile kindoano cha chuma cha mwanzoni, ukitaka kukizuia kisicheze! Umewekwa ucheze kwa kiasi cha unene wake, ili kipimo cha kusukuma na cha kuvuta viwe sawa.

Kabla ya kusimamisha fremu, ikiwa bado imelala sakafuni, pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, iko skwea, yaani pembe zake ni mraba. Ukuta wa futi 8 kwa 15 utakupa futi 17 kamili. Isukume mpaka ifike, piga mbao ya mshazari, ndipo uiinue.

Kuna ambao hawajali haya yote kwa sababu wanajenga nyumba ya mabati. Hapo wana hoja: bati la ukutani husimama wima na kupigiliwa kwenye mbao za kulala, kwa hiyo nafasi ya nguzo haigusi maungio yake. Lakini joto la Kisumu likizidi, wengi huja baadaye kuziba ndani kwa plaiwudi, na hapo fremu iliyopangwa kwa macho hugeuka mzigo. Kama unajenga ya mabati leo, mwambie fundi apige 24 senta kwa senta hata hivyo. Inagharimu mbao zilezile, pengine moja zaidi.