Pawa saplai ya volti 5: mbona inalemewa na mzigo?

Pawa saplai ya volti 5 ni kazi nzuri ya kuanzia karakanani: transfoma ya volti 240 kwa 9, dayodi nne za 1N4007 za kugeuza AC kuwa DC, kapasita ya kuhifadhi chaji, na rejuleta ya 7805 inayoshikilia volti 5. Mwanafunzi anaiunga, multimita inasoma 5.02, anashangilia. Akiiunganishia redio, yaani mzigo, inanguruma. Lawama zote zinamwangukia 7805; inang'olewa, nyingine inanunuliwa Luthuli Avenue, Nairobi, na mngurumo uko palepale.

Mkosaji huwa kapasita. Zile volti 9 zilizoandikwa kwenye transfoma si kilele. Kilele ni 9 mara 1.414, yaani 12.7. Mkondo hupitia dayodi mbili kwa wakati mmoja, zinakula kama 1.4, unabaki na 11.3. Stima yetu ni hezi 50, kwa hiyo kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde. Kati ya mjazo mmoja na mwingine, milisekunde 10, inaubeba mzigo peke yake.

Upungufu wa volti ni ampea mara sekunde, gawanya kwa faradi. Nusu ampea kwa kapasita ya mikrofaradi 470: 0.5 × 0.01 ÷ 0.00047, volti 10.6. Hesabu hii inatia chumvi kidogo, kwa kuwa mjazo huanza mapema, lakini 7805 hutaka angalau volti 7 mlangoni, yaani kwenye mguu wa kuingilia, na hapa haizipati. Weka 2200, upungufu ni 2.3 tu, chini kabisa una 9. Ya 1000 iko ukingoni; stima ikishuka jioni, utasikia mngurumo tena. Na nunua ya volti 25, si 16, maana transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa.

Kisha joto. Kwa wastani wa volti 10 mlangoni, 7805 inaunguza tofauti ya volti 5 kwa nusu ampea: wati 2.5. Bila bati la alumini la kuipoza, kila wati huipandisha takribani digrii 65. Itajizima, ipoe, iwake, ijizime. Wengi hudhani ni waya uliolegea.

Miguu nayo: ukitazama maandishi, 7805 ni kuingia, graundi, kutoka. Rejuleta nyingine, 7905 na LM317, zina umbo lilelile lakini mpangilio tofauti. Soma namba kabla ya kulehemu.

Jaribu kwa rezista ya omu 10, wati 5, iwe mzigo. Ya robo wati itatoa moshi, kwani hapo zinapita wati 2.5. Usiamini multimita peke yake: inasoma wastani, mabonde haiyaoni. Weka osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, kwenye mguu wa kuingilia wa 7805, mzigo ukiwa umewekwa, utazame bonde la chini kabisa. Likigusa 7, rudi kwenye kapasita.