Haidrojeni kwenye tabaini ya gesi: mwali hurudi nyuma kupitia wapi?

Tabaini ya gesi huchoma gesi ndani ya hewa iliyobanwa, na moto unatakiwa ukae kwenye chemba ya mwako. Ikichoma haidrojeni, mwali unaweza kurudi nyuma hadi ndani ya kichomeo, pale gesi na hewa zinapochanganyika. Hizi hapa ni dhana tano zinazosikika kuhusu haidrojeni kwenye tabaini.

“Hewa inakimbia kuliko mwali, kwa hiyo mwali hauwezi kurudi nyuma.”

Dhana hii inasikika ya kisomi, na ndiyo inayopotosha kuliko zote. Katika joto la kawaida, mwali wa methani na hewa kwa uwiano kamili husonga takriban mita 0.4 kwa sekunde. Wa haidrojeni takriban mita 2. Ndani ya kichomeo hewa hupita kwa makumi ya mita kwa sekunde. Hatari iko wapi basi?

Iko ukutani. Mkondo wa hewa ni kama mto: katikati unakimbia, kandokando unajikokota, na pale unapogusa chuma kasi ni sifuri. Mwali haushindani na wastani wa kasi, hupenya palipolegea. Mwali wa methani huzimika kwenye mwanya wa upana wa milimita 2 hivi kwa sababu kuta hunyonya joto lake. Wa haidrojeni huhimili hadi mwanya wa takriban milimita 0.6, kwa hiyo unaweza kuukaribia ukuta zaidi, kule kwenye hewa ya polepole. Tena hewa itokayo kwenye kompresa, mashine inayoibana hewa, huwa imeshapata moto, mara nyingi kupita nyuzi 400 za Selsiasi, na msukosuko wake huukunjakunja uso wa mwali. Zote mbili huongeza kasi ya mwali, hata zile mita 2 zikabaki namba ya vitabuni.

Nadharia ya watafiti wa mwako Lewis na von Elbe ya miaka ya 1940 ilipima kasi ya mkondo karibu na ukuta kana kwamba mwali wenyewe hauugusi mkondo huo. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich yalionyesha vingine: mwali uliokwisha kuingia kwenye mfereji hupandisha shinikizo mbele yake, na hewa iliyo ukutani hubanduka na kugeuka. Yaani mwali hujifungulia njia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kipimo kilichofanywa kwa mwali wa wazi mdomoni mwa bomba kinapoanza kutoa matumaini ya bure. Vichomeo vinavyozungusha hewa vina njia nyingine pia: kiini cha mzunguko, katikati kabisa.

“Mwali ukirudi, bomba la gesi hulipuka.”

Ndani ya bomba la gesi hakuna oksijeni. Mwali huishia pale gesi na hewa zinapochanganywa, kabla ya chemba ya mwako. Balaa ni kwamba sehemu hiyo haikuundwa kukaa na moto, na chuma chake huweza kuharibika upesi.

“Haidrojeni huufanya mwali usitulie.”

Inategemea unasema utulivu gani. Dhidi ya kuzimika, haidrojeni ni msaada: huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya mchanganyiko na hewa, wakati methani ni 5 hadi 15 tu. Kinachosumbua ni mngurumo, yaani mawimbi ya sauti ndani ya chemba yanayolishwa na mapigo ya joto la mwali. Mwali hufupika na kusogea karibu na nozeli, mdomo wa kichomeo, na mapigo ya joto hayafiki tena kwa wakati ule ule. Mitikisiko mingine hufa, mingine huzaliwa.

“Asilimia 30 ya haidrojeni hupunguza kaboni kwa asilimia 30.”

Asilimia 30 hiyo, ikichanganywa na methani, ni ya ujazo, si ya nishati. Mita moja ya ujazo ya haidrojeni hutoa megajuli 10.8, ya methani 35.8. Upungufu halisi wa kaboni dioksidi ni kama asilimia 11.

“Hakuna tabaini iwezayo kuchoma haidrojeni tupu.”

Vichomeo vya zamani, visivyochanganya gesi na hewa mapema, vimechoma gesi zenye haidrojeni nyingi kwa miongo mingi. Kisichochanganywa hakina pa kurudisha mwali. Gharama yake ni oksidi za nitrojeni, gesi zinazochafua hewa, hivyo hulazimu kunyunyizia maji au mvuke ili kupooza mwali. Huko Kobe, Japani, kampuni ya Kawasaki iliendesha tabaini ya kiwango cha megawati 1 kwa haidrojeni pekee mwaka 2018, ikitumia maji. Mwaka 2020 ikajaribu kichomeo kikavu, yaani kisichotumia maji, ambamo moto mmoja mkubwa umegawanywa kuwa miali mingi midogo mno.