Mpira Haumrudishi Mtoto Nyumbani

Juzi nimepokea tena barua ya mtu mwema anayetaka kusaidia michezo ya baada ya masomo katika shule za vijijini. Anatoa mipira, seti mbili za jezi na nyavu. "Uwanja mnao, watoto mnao, kilichobaki ni vifaa." Kauli hii nimeisoma kwa sura nyingi tangu nianze kuandaa bajeti za programu hizi. Safari hii naijibu kwa urefu, maana ndiyo inayoziua.

Vifaa ni sehemu nyepesi kuliko zote. Mpira namba 4 kwa wadogo na namba 5 kwa wakubwa, koni, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza. Vinanunuliwa mara moja, vikitunzwa vinadumu. Basi.

Kinachokula fedha ni saa moja na nusu baada ya kengele ya mwisho. Gari la shule limeshaondoka, na jingine ni la kesho asubuhi. Mtoto anayekaa kilomita 12 kutoka shuleni hawezi kubaki mazoezini hata umvike jezi mpya kila wiki. Wanaobaki ni wa jirani na wale ambao wazazi wao wana magari. Halafu ripoti inaandikwa kwamba watoto wa mbali "hawana mwamko". Neno hilo linanichoma. Mwamko wanao, hawana usafiri. Wasichana ndio hutoweka kwanza, kwa sababu mzazi hakubali binti yake atembee peke yake gizani, na mimi siwezi kumlaumu.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu wa kudumu na wafadhili: kile kisanduku cha fomu kinachouliza gharama kwa kila mtoto. Chukua safari moja ya gari inayogharimu 120, kwa fedha yoyote ile. Likibeba watoto 40, kila mmoja amegharimu 3. Likibeba 8, kila mmoja amegharimu 15. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, mafuta hayakuzidi hata tone. Lakini mezani kwa mfadhili shule ya pili inaonekana ina ubadhirifu mara tano ya ile ya kwanza, na andiko lake linawekwa pembeni. Posho ya kocha inakwenda hivyo hivyo, na bima pia. Shule haijafuja chochote. Ina watoto wachache waliotawanyika kwenye eneo pana, na ndiyo maana ikaomba ruzuku.

Ukitaka kipimo cha haki, uliza ni sehemu gani ya wanafunzi wote inashiriki. Watoto 24 kati ya 60 ni asilimia 40. Shule ya watoto 1,000 ingelazimika kuwa na 400 uwanjani ili ilingane nayo. Au uliza ni vipindi vingapi vya mazoezi vilivyopangwa vilifanyika kweli. Sheria ya elimu ya Marekani ya 2015, katika ruzuku zake za vituo vya baada ya masomo, inamtaka mwombaji aeleze mtoto atafikaje kituoni na kurudi nyumbani salama. Natamani kila fomu ianze na swali hilo.

Kuhusu aina ya mchezo nitasema haraka: shule ndogo isilazimishwe kuunda timu ya watu 11. Netiboli inataka 7, voliboli 6, na riadha haina idadi.

Posho ya kocha inanipa mashaka hadi leo. Bila posho, mwalimu anayejitolea huchoka muhula wa pili, nami simshangai. Lakini nimeona pia kocha aliyekuwa akija bure kwa moyo wote, akaanza kulipwa, fedha ilipochelewa mwezi mmoja akaacha kabisa. Bado naiweka kwenye bajeti, ila siiweki tena kwa utulivu niliokuwa nao zamani.

Na lipo jambo niliandika kwa miaka ambalo nimeacha kuliahidi: kwamba michezo itapandisha alama za mitihani. Mtoto anayebaki mazoezini mara nyingi ni yule ambaye tayari haikosi shule. Nitajuaje ni mpira uliomsaidia? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinatambua haki ya kucheza. Hoja hizo zinasimama bila msaada wa mtihani wa hisabati.

Ruzuku nyingi nilizosimamia zilikuwa za miaka 3. Wa kwanza unaishia kujifunza njia na kutafuta dereva, wa pili mambo yanakaa sawa, wa tatu tunaandika barua za kuomba upya huku watoto wakiuliza kama gari litakuja. Ndiyo maana kabla sijasaini nauliza mafuta ya mwaka wa 4 yatatoka kasma ipi, yaani fungu gani la bajeti. Kuna ruzuku moja niliyoikataa kwa kukosa jibu, na wazazi walinikasirikia sana.

Mtu yule mwema nimemjibu jana. Nimemwomba alete seti moja ya jezi, na thamani ya ile ya pili iwe mafuta ya Jumanne na Alhamisi kwa muhula mzima.