Kuzinduka: mbwa anapotoka kwenye nusukaputi

Mbwa aliyelala huamka: anajinyoosha, anapiga miayo, anakwenda zake. Mbwa aliyepigwa nusukaputi ili ang'olewe jino au asafishwe ukoga haamki, anazinduka. Na kuzinduka huja kwa awamu. Hutangulia kumeza mate, ndipo mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni hutolewa. Kichwa kinafuata, kisha miguu. Akili hurudi mwisho kabisa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tukiona miguu imesimama, tunadhani mbwa naye ameshafika.

Sababu iko kwenye dawa zenyewe. Gesi ya usingizi ikifungwa, sehemu kubwa hutoka na pumzi katika dakika chache. Dawa za sindano, za kutuliza na za maumivu, hungoja ini na figo zifanye kazi yake, kwa hiyo kusinzia na kupepesuka kwa saa 24 ni jambo la kawaida. Mbwa wembamba wa mbio, kama greyhound, huchelewa zaidi kwa baadhi ya dawa.

Kinachoumiza moyo zaidi ni kulia. Mbwa anasimama katikati ya chumba, kichwa kimeinama, utando mweupe umefunika nusu ya jicho, na kila akitoa pumzi anatoa sauti nyembamba. Ukimwita jina, sikio linageuka, yeye haji. Kwa kawaida huko ni kuweweseka: dawa bado zimemshika, hajui aliko. Hajakuchukia kwa kumpeleka. Maumivu nayo yanaweza kumliza, kwa hiyo kilio kisipopungua mpigie daktari wa mifugo, usikae kukisia. Wakati huo punguza taa, ondoa watoto na wanyama wengine, kaa sakafuni karibu naye useme naye polepole. Usimwinamie usoni. Hata mbwa mpole kuliko wote anaweza kung'ata akiwa katika hali hiyo. Kitanda na ngazi mzuie, maana akianguka hajui kujikinga.

Kutetemeka mara nyingi ni baridi. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39, nalo hushuka akiwa chini ya dawa, tena kazi ya meno hutumia maji yanayolowesha kichwa. Blanketi kavu linatosha. Kikohozi kikavu cha siku moja au mbili hutokana na ule mpira kukwaruza koo. Maji ya bakuli yakigeuka mekundu kidogo siku ya kwanza, ni mate yaliyochanganyika na damu ya fizi.

Damu ikichuruzika bila kukoma, fizi zikiwa nyeupe, akitapika mfululizo, akipumua kwa shida au ukimtikisa asiamke, piga simu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Chakula cha kwanza kiwe kidogo na laini, na kama ameng'olewa meno, ulaini uendelee kwa muda atakaosema daktari, mara nyingi wiki moja hadi mbili. Dawa ya maumivu ni ile aliyoandikiwa yeye tu. Ibuprofeni, diklofenaki na paracetamol za kabatini kwako zisimguse: zinaweza kumharibu tumbo, figo au ini, na zimeshaua mbwa waliopewa kwa huruma.