Kugeuza JPEG Kuwa PNG Hakuongezi Ubora

Wiki hii nimeletewa tena malalamiko yale yale. Muuzaji kapakia bango la duka lake kwenye tovuti, herufi zimezungukwa na vumbi, na anayelaumiwa ni seva yetu. Namwambia tatizo ni faili lake, ananijibu: "Mkuu, hiyo ni PNG, HD kabisa." Nalifungua kwa programu inayoonyesha baiti. Mwanzo kabisa FF D8, mbele kidogo JFIF, alama za JPEG. Ni JPEG iliyobadilishwa herufi za mwisho wa jina, basi. PNG halisi huanza na 89, kisha P, N na G, unazisoma kwa macho yako.

Na hata angeigeuza kikweli, isingemsaidia. JPEG huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande hutupa maelezo madogo ambayo kwa kawaida jicho haliyafuatilii. Kilichotupwa hakirudi. Ukiihifadhi upya kama PNG, lile vumbi lote linatunzwa kwa uaminifu, ndani ya faili zito zaidi. Ni sawa na kuipiga lamineti fotokopi iliyofifia. Bango likishapita WhatsApp kama picha, limeshabanwa. Mwambie aliyelichora alitume upya kama dokumenti.

PNG haitupi kitu, inatafuta marudio. Logo ya rangi tatu juu ya weupe imejaa marudio, kwa hiyo inabanika vizuri. Picha ya kamera haina, kila pikseli inatofautiana kidogo na jirani yake, ndiyo maana PNG ya picha ya simu huwa na megabaiti nyingi. Bando linaloliwa hapo ni la mteja.

Sasa herufi nyekundu, ambazo ndizo zinazonikera kuliko vyote. JPEG hutenganisha mwangaza na rangi, halafu mara nyingi pikseli 4 hugawana taarifa moja ya rangi. Kwenye mipangilio utaona 4:2:0. Usoni mwa mtu hakuna atakayegundua. Lakini andika PUNGUZO kwa nyekundu juu ya nyeusi, kisha vuta karibu: kingo zimechafuka, wekundu umevujia nje ya herufi. Watu hupandisha ubora hadi 95 na uchafu unabaki, kwa sababu hawajagusa huo mgao wa rangi. JPEG inakuruhusu kuuzima, unaweka 4:4:4, yaani kila pikseli inabaki na rangi yake. WebP, aina nyingine ya faili la picha, ile inayotupa maelezo haikuruhusu, ni 4:2:0 daima. Kwa hiyo anayekuambia "weka kila kitu WebP" hajapakia bango la nyekundu. WebP isiyotupa ipo, na kwa logo naipenda kuliko PNG.

Hiyo namba ya ubora nayo si kipimo. 80 ya programu hii si 80 ya ile. Mimi naangalia kwa macho, na sina njia bora zaidi ya kukupa.

Vilevile sina jibu safi kwa bango lenye sura ya mtu na maandishi pamoja. Nilitegemea seva ihesabu rangi: zikiwa chache, ibane bila kutupa. Inafanya kazi kwa logo safi. Logo iliyowahi kuwa JPEG inaidanganya, maana vumbi peke yake linaongeza maelfu ya rangi. Siku hizi natengeneza nakala zote mbili, inayotupa na isiyotupa. Ile isiyotupa ikiwa nzito kidogo tu, naichukua hiyo. "Kidogo" ni kiasi gani, nakadiria. Faili asili silifuti.

SVG, picha inayoandikwa kwa maandishi, kutoka kwa mtumiaji nakataa. Ni XML, inaweza kubeba JavaScript, yaani programu ya kivinjari. Ikiwekwa ukurasani kwa tagi ya img haitafanya kitu, lakini mtu akifungua anwani ya faili moja kwa moja, hiyo skripti inakimbia kwa jina la tovuti yako.

HEIC, faili za picha za iPhone, pokea, lakini zigeuze papo hapo, kwa kuwa vivinjari vingi nje ya Safari havizionyeshi. Na Exif, taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha, ifutwe, maana hubeba hadi mahali picha ilipopigwa. Ila izungushe picha kwanza ndipo ufute. Taarifa ya mwelekeo inakaa humo humo. Ukianza kufuta, wauzaji wataanza kulalamika kwamba bidhaa zao zimelala ubavu.